Fedha za urithi wetu zimo kwenye hisa za kampuni za kanzidata: niuze, nihamishe au ningoje?

Mshauri, salaam.

Mimi ni msimamizi wa kanzidata katika kampuni moja ya uchukuzi hapa Mombasa. Kazi yangu ni kuhakikisha mfumo hauzimiki, nakala za akiba zinarejesheka, na ripoti inayotakiwa asubuhi haigandi mpaka adhuhuri. Nimekulia kikazi ndani ya Oracle, kanzidata ya kulipia leseni, na sasa mimi ndiye ninayeongoza kazi ya kuihama kwenda PostgreSQL, kanzidata huria isiyo na leseni ya kulipia.

Tumezaliwa wanne: kaka yetu mkubwa, dada, mimi, na kitinda mimba wetu. Baba alipofariki tuliuza shamba la minazi kule Kilifi. Sehemu ya fedha tukagawana, sehemu tukakubaliana iwekezwe kwa pamoja, na kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kompyuta, nikakabidhiwa. Novemba 2021, kupitia dalali wa mtandaoni, nilinunua hisa 16 za MongoDB kwa wastani wa dola 530 na hisa 20 za Snowflake kwa wastani wa dola 365. Jumla ni dola 15,780, ambazo kwa kiwango cha siku zile, shilingi 112 kwa dola, ni kama shilingi milioni 1.77. Akaunti iko kwa jina langu, na kila mmoja wetu ana robo.

Sikuchagua kwa kubahatisha. MongoDB nimeona wasanidi programu wanavyoipenda: mtu anaanza kuhifadhi data bila kukaa wiki nzima akichora majedwali. Snowflake nayo ilitenganisha hifadhi ya data na nguvu za kuichakata, ukalipia kila kimoja kivyake, jambo lililokuwa linatusumbua miaka mingi katika maghala ya data. Ni bidhaa nzuri. Nasema hivyo hata leo.

Lakini bei ziliporomoka. Snowflake ilifika karibu dola 110 mwezi Septemba 2024. MongoDB ilishuka chini ya dola 150 mwezi Aprili 2025. Baadaye zilipanda tena, ila hazijarudi nilikonunulia.

Sasa nyumbani hapakaliki. Dada ana mtoto anayeingia chuo kikuu na anataka robo yake atoe karo. Kaka alisoma kwamba tarehe 10 Septemba 2025 hisa ya Oracle ilipanda kwa takriban asilimia 36 kwa siku moja, na tangu hapo anasema tuhamishie kila kitu huko. Kitinda mimba anasema, "Nyinyi mjuavyo." Mimi nimewaambia wangoje bei irudi pale tuliponunulia, kisha kila mtu achukue chake bila hasara.

Kinachonichanganya ni kazi yangu mwenyewe. Kila siku naona kampuni zikiikimbia Oracle kwa sababu ya gharama, basi nitawezaje kuweka fedha za marehemu baba huko? Na wakati huohuo naona mambo mengi tuliyokuwa tukiyatakia MongoDB yanafanyika vizuri tu ndani ya PostgreSQL kwa jsonb, umbo lake la kuhifadhi nyaraka bila kuchora majedwali kwanza. Nani atashinda mashindano haya? Je, ninamdhulumu dada yangu nikimwambia angoje? Na kaka nimjibu nini?

Msimamizi, Mombasa

*

Msimamizi mpendwa,

Barua yako ina maswali matatu, na nadhani uzito unaousikia unatokana na kuyabeba kama swali moja. La kwanza ni nani atashinda kati ya kampuni za kanzidata. La pili ni kama hisa za mshindi huyo zitakulipa wewe uliyenunua kwa bei uliyonunulia. La tatu ni hizi fedha ni za nani na zinatakiwa lini. La kwanza unalifahamu kuliko wasomaji wengi wa safu hii, nami sitajaribu kukufundisha kazi yako. Hayo mawili mengine ndiyo ningependa tuyatazame pamoja.

Unasema bidhaa ni nzuri, na biashara yenyewe inakuunga mkono. Mwaka wa fedha wa MongoDB huisha tarehe 31 Januari. Katika mwaka ulioishia Januari 2022, yaani ule uliokuwa ukiendelea uliponunua, mauzo yake yalikuwa kama dola milioni 874. Mwaka ulioishia Januari 2025 yalizidi kidogo dola bilioni 2. Snowflake katika kipindi hichohicho ilitoka dola bilioni 1.2 hadi 3.6. Moja ilizidisha mauzo yake zaidi ya mara mbili, nyingine karibu mara tatu, na aliyeshika hisa zao bado akapata hasara. Ulilitambua gari zuri; swali ambalo barua yako hailigusi ni bei ya gari.

Piga hesabu hii. Kwa dola 530 kwa hisa, MongoDB nzima ilikuwa inathaminiwa takriban mara 40 ya mauzo yake ya mwaka. Kwa dola 365, Snowflake ilikuwa karibu mara 90. Narudia, ni mauzo, si faida, faida haikuwapo. Bei kama hiyo ilikuwa tayari imehesabu ukuaji wa miaka mingi mbele, bila kuteleza. Kisha Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba, kutoka karibu sifuri hadi kufikia kati ya asilimia 5.25 na 5.50 mwezi Julai 2023. Mtu anapoweza kupata asilimia 5 kwa kuikopesha serikali ya Marekani, hakubali tena kulipa dola 90 leo kwa dola moja ya mauzo kwa matumaini ya faida ya muongo ujao. Sehemu kubwa ya anguko la mwaka 2022 ilitoka hapo, wala haikuhitaji PostgreSQL kumshinda mtu.

Ushindani ulikuja kuuma kwa njia nyingine, na hapa uzoefu wako una thamani kubwa, mradi uusome kwa jicho la mwenye hisa.

MongoDB ilianza kama programu huria: yeyote aliweza kuichukua na kuiendesha. Oktoba 2018 ilibadili leseni ili mtu akitaka kuiuza kama huduma alazimike kutoa hadharani msimbo wa huduma yake yote. Januari 2019 Amazon ikajibu kwa DocumentDB, kanzidata inayoelewa amri za MongoDB 3.6 bila kutumia msimbo ule wenye leseni mpya. Siku hiyo hisa ya MongoDB ilianguka kwa zaidi ya asilimia 10, na watu wengi wakasema imekwisha. Haikwisha, mwaka mmoja baadaye bei ilikuwa juu zaidi kuliko kabla ya tangazo lile. Huduma yake ya wingu, Atlas, iliyoanzishwa mwaka 2016, ndiyo iliyoibeba, na leo ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya mapato.

Ila tazama Atlas inakaa wapi. Inaendeshwa juu ya seva za Amazon, Microsoft na Google, na kila mteja anapoongeza matumizi, MongoDB nayo inawalipa kodi hao watatu. Ni kama kupanga kibanda sokoni, kisha mwenye soko naye akafungua kibanda cha bidhaa ileile mlango wa pili, huku akiendelea kukutoza kodi. Unaweza kuuza sana na bado usipange bei utakavyo. Snowflake imo katika hali hiyohiyo: inakodi kwa Amazon anayeuza Redshift, na kwa Google anayeuza BigQuery, zote mbili maghala ya data yanayoshindana nayo.

Kwa Snowflake kuna jambo jingine ambalo wewe kama msimamizi utalielewa haraka. Zamani ukiingiza data yako humo, ilikaa katika umbo linalosomeka na Snowflake peke yake, na kuihamisha kulikuwa kazi. Umbo huria la majedwali liitwalo Iceberg limelegeza fundo hilo. Mteja anaweka data katika hifadhi yake mwenyewe, na injini yoyote inaisoma. Februari 2024 Snowflake ilitoa makadirio ya mapato yaliyowavunja moyo wawekezaji, ikiitaja Iceberg miongoni mwa sababu, na siku hiyohiyo mkurugenzi wake mkuu Frank Slootman akatangaza kuondoka. Kesho yake hisa ilianguka kwa takriban asilimia 18. Juni mwaka uleule Databricks, mshindani wake mkuu, ikatangaza kuinunua Tabular, kampuni ya waasisi wa Iceberg. Kwa mteja kama mwajiri wako, hizi ni habari njema tupu: bei zinashuka na kuhama kunakuwa rahisi. Kwa mwenye hisa ni kinyume. Nguvu ya kampuni ya kanzidata kutoza bei kubwa imetokana siku zote na ugumu wa mteja kuhama, na kila kinachorahisisha kuhama kinapunguza kile kilichofanya hisa ziwe ghali.

Kuhusu PostgreSQL, ulichokiona kazini ni kweli. Jsonb imekuwamo tangu toleo la 9.4 la Desemba 2014, na tangu hapo sababu za kuweka kanzidata ya pili kwa ajili ya nyaraka zimekuwa zikipungua. Lakini PostgreSQL haina hisa. Ikishinda, sehemu kubwa ya ushindi inabaki mifukoni mwa watumiaji kama leseni wasizolipa, na nyingine inakwenda kwa wenye wingu wanaoikodisha. Wakubwa nao wameona. Mwezi Mei 2025 Databricks ilitangaza kuinunua Neon kwa takriban dola bilioni 1, na mwezi uliofuata Snowflake ikatangaza kuinunua Crunchy Data. Zote mbili ni kampuni za PostgreSQL. Kwa hiyo unapouliza nani atashinda, ongeza swali hili: akishinda, fedha zinamfikia nani?

Historia ya fani yako ina majibu magumu kidogo. Katikati ya miaka ya 1990 Informix ilisifiwa kwa teknolojia yake na ilipambana na Oracle mpaka kwenye mabango ya barabarani karibu na makao makuu ya Oracle huko California. Mwaka 1997 mauzo yalianguka ghafla, ikabainika hesabu zilikuwa zimetiwa chumvi, na mwaka 2001 IBM ikainunua biashara ile ya kanzidata kwa dola bilioni 1. Karibu zaidi na sisi, Couchbase iliingia soko la hisa Julai 2021 kwa dola 24, na mwaka 2025 ikanunuliwa na kampuni binafsi ya uwekezaji kwa dola 24.50. Aliyeipata kwa bei ile ya dola 24 alikaa miaka minne akaambulia senti 50 kwa hisa. MariaDB, ambayo bila shaka umewahi kuigusa, iliingia soko la New York Desemba 2022 na mwaka 2024 ikanunuliwa kwa senti 55 kwa hisa. Programu yenyewe ingali inatumika na ingali nzuri.

Sikuelezi haya ili uone MongoDB na Snowflake zitafuata njia hiyo. Ni kampuni kubwa zaidi, zina fedha benki, na zinakua. Nakueleza kwa sababu kauli yako kwamba bidhaa ni nzuri hata leo inaweza kuwa kweli kabisa na bado isikuongoze popote kuhusu hisa.

Sasa kaka. Naye ana hoja, na wewe una hoja, ila nadhani mnazungumzia kampuni mbili tofauti zenye jina moja. Wewe unaiona Oracle ya leseni na ada ya msaada ya takriban asilimia 22 ya bei ya leseni kila mwaka, ambayo wateja wanaikimbia. Ni kweli wanaikimbia, ila polepole mno. Amazon, yenye wahandisi na fedha zote zile, ilitumia miaka kadhaa kuhamisha kanzidata karibu 7,500 za Oracle katika biashara yake ya rejareja, ikamaliza mwaka 2019. Wewe mwenyewe unajua taratibu zilizoandikwa kwa PL/SQL, lugha ya Oracle yenyewe, zinavyokula miezi. Unachokiona ofisini ni kampuni moja, pengine na majirani zake kadhaa. Benki na serikali ambazo hazihami hazikupigii simu kukueleza kwamba hazihami.

Kaka naye anadhani ile asilimia 36 ilihusu kanzidata. Haikuhusu. Oracle ilitangaza mikataba ambayo haijatekelezwa yenye thamani ya dola bilioni 455, mingi ikiwa ya kukodisha vituo vya data kwa kazi za akili unde, na sehemu kubwa iliripotiwa kutoka kwa mteja mmoja, OpenAI, wenye ChatGPT. Vituo hivyo vinajengwa kwa mkopo. Mwezi uleule Oracle iliuza hatifungani za dola bilioni 18. Kabla ya mwaka 2025 kuisha, hisa ilikuwa imepoteza zaidi ya theluthi ya bei ya siku ile. Huenda mikataba ikatekelezwa yote na kaka akaonekana mwenye maono. Huenda mteja yule mkubwa akashindwa kulipa. Muulize tu, kwa upole na heshima yake kama mkubwa wenu: anataka kununua biashara ya kanzidata, au anataka kuingia katika ujenzi wa vituo vya data kwa mkopo? Akijibu kwamba ni hili la pili na analielewa, basi mtakuwa mnajadili kitu halisi.

Nikirudi kwako, kuna sentensi moja katika barua yako niliyoisoma mara mbili: wangoje bei irudi pale tuliponunulia. Naielewa. Fedha za urithi zina uzito wake, na kumrudishia kila mmoja alichotoa kungekupa usingizi. Lakini dola 530 ni namba inayokujua wewe tu, soko haliijui. Hisa iliyoshuka kwa asilimia 70 inahitaji kupanda kwa zaidi ya asilimia 230 ili irudi ilipokuwa. Aliyenunua MongoDB kwa dola 150 na wewe uliyenunua kwa 530 mna hisa ileile yenye kesho ileile. Swali ambalo ningependa ulijibu kwa maandishi, peke yako, kabla ya kikao cha familia, ni hili: leo ungekabidhiwa fedha taslimu zinazolingana na thamani ya hisa hizi, zenu nyote wanne, ungenunua nini? Kama jibu ni MongoDB na Snowflake zilezile, una sababu ya kushikilia. Kama jibu ni kitu kingine, basi kinachokushikilia ni ile bei ya 2021.

Na fikiria jambo moja zaidi kabla ya kujibu. Mshahara wako unatoka kwenye kanzidata. Ujuzi wako na nafasi yako ya kupata kazi nyingine vinatoka hukohuko, na sasa urithi wa watu wanne nao umo humohumo, katika kampuni mbili tu. Akiba ya familia inaweza kukaa mahali pasipotegemea fani yako: mfuko unaofuata soko zima badala ya kampuni mbili, au hatifungani za serikali ya Kenya ambazo mnaweza kununua kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu ya Kenya, kuanzia shilingi 50,000. Kila kimoja kina hatari yake. Mfuko wa soko la Marekani nao una uzito mkubwa wa kampuni za teknolojia, na hatifungani ya miaka mingi ukiiuza kabla ya wakati wake bei inaweza kuwa chini.

La dada yako ndilo lenye tarehe, kwa hiyo ndilo la kulitengenezea hesabu kwanza. Robo yake ni hisa 4 za MongoDB na 5 za Snowflake. Alichangia dola 3,945, sawa na shilingi kama 442,000 za wakati ule. Tuchukue bei za mfano tu, MongoDB dola 300 na Snowflake dola 200: robo yake ni dola 2,200. Kwa dola, amepoteza asilimia 44. Lakini dola ya shilingi 112 imekuwa ya karibu 129, hivyo anapata takriban shilingi 284,000, na hasara yake kwa shilingi, ambazo ndizo chuo kinazitaka, ni asilimia 36. Weka bei halisi za siku mtakayokaa na kiwango ambacho benki yako itakupa kweli, maana huwa chini kidogo ya kile kinachotangazwa, kisha ondoa ada ya dalali na ya kutuma fedha. Mwoneshe karatasi hiyo. Huenda anaomba robo akidhani ni laki nne na zaidi.

Mkishajua kiasi, njia ni kadhaa. Mnaweza kuuza hisa zake 9 na kumpa zake. Hapo amalize kabisa, na iandikwe kwamba amemaliza, kwa sababu MongoDB ikipanda maradufu mwaka ujao, maneno yataanza. Njia nyingine ni nyinyi watatu kumnunua robo yake bila kuuza chochote Marekani: mnakubaliana siku, mnatumia bei ya kufunga soko ya siku hiyo na kiwango cha benki, mnamlipa shilingi. Hiyo inampa karo na inawaachia hisa, ila sasa watatu wenu mtakuwa mmeongeza fedha mpya mahali palepale, na kitinda mimba asiseme tena "nyinyi mjuavyo". Naye lazima aseme anataka au hataki. Mnaweza pia kuuza kiasi cha karo ya mwaka wa kwanza pekee. Inapunguza majuto ya pande zote, lakini mwaka wa pili mtarudi kwenye mjadala huuhuu, pengine kwa bei ya chini zaidi.

Kuhusu kumdhulumu: hukumficha kitu, na hisa si amana ya benki, hilo wote mlilikubali. Ila fedha zenye tarehe ya karo na hisa zinazoweza kuanguka kwa takriban robo kwa siku moja haziendani, na MongoDB imefanya hivyo Mei 2024 na tena Machi 2025, mara zote mbili baada ya kutoa makadirio ya mwaka. Ukimwambia angoje, unamwomba abebe hatari hiyo na muda wake ni mfupi kuliko wako. Anaweza kukubali. Ni vizuri akubali akijua.

Kwa zile mtakazobaki nazo, kama mtabaki nazo, acha kutazama bei kila jioni na usome taarifa za robo mwaka kama unavyosoma kumbukumbu za mfumo. Kwa Snowflake, tafuta kiwango cha wateja wa zamani kuongeza matumizi. Ilipoingia sokoni Septemba 2020 kilikuwa asilimia 158, maana yake aliyelipa dola 100 mwaka uliotangulia sasa alilipa 158. Mwanzoni mwa 2025 kilikuwa 126. Kikiendelea kushuka kuelekea 110, wateja wanahamishia kazi kwingine hata kama mauzo yote yanakua. Kwa MongoDB, tazama kasi ya ukuaji wa Atlas. Kwa zote mbili, tazama hisa wanazolipwa wafanyakazi: Snowflake kwa mwaka ulioishia Januari 2025 ilitumia hivyo kiasi cha karibu asilimia 40 ya mauzo yake, na hisa mpya zikizidi kutolewa, robo yenu inakuwa sehemu ndogo zaidi ya kampuni ileile. Andikeni mapema ni namba ipi ikifika wapi mtauza, mkiwa watulivu, nyote wanne mkatie sahihi.

Mwisho ni makaratasi, na tafadhali uyashughulikie kabla ya kikao. Akaunti iko kwa jina lako, hivyo mbele ya dalali ndugu zako hawapo kabisa. Ukipatwa na jambo, akaunti itafungwa mpaka mirathi yako wewe ithibitishwe, na robo zao zitahesabiwa kuwa mali yako. Hati fupi ya makubaliano inayotaja idadi ya hisa za kila mmoja, ikishuhudiwa na wakili, inawalinda wao na watoto wako. Mjue pia kwamba Marekani hutoza kodi ya mirathi kwa mgeni asiyeishi huko ikiwa mali zake za huko, hisa zikiwamo, zinazidi dola 60,000. Nyinyi mko mbali na kiwango hicho, lakini mkijumlisha na akiba yako binafsi katika akaunti hiyohiyo, hesabu inaweza kubadilika. Na kama kaka atashinda mjadala, Oracle hutoa gawio. Dalali atakata asilimia 30 juu kwa juu, kwa kuwa Kenya na Marekani hazina mkataba wa kodi.

Halafu fungua akaunti uangalie fomu yako ya W-8BEN, ile ya kuthibitisha kwamba wewe si mkazi wa Marekani. Kwa kawaida hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya kusainiwa, kwa hiyo uliyoijaza 2021 iliisha Desemba 2024 kama hukuijaza upya. Ukiuza ikiwa imeisha, dalali anaweza kuzuia asilimia 24 ya mauzo yote, na kuidai tena ni safari ndefu. Ihuishe kwanza, subiri ikubaliwe, ndipo uuze. Tangu Mei 2024 mauzo ya hisa Marekani hukamilika siku moja ya kazi baadaye, kisha ongeza siku za dalali kuachia fedha na za benki kuzipokea. Muulize dada tarehe ya mwisho ya karo, uhesabu kurudi nyuma walau wiki mbili. Hiyo ndiyo siku ambayo kikao chenu kinapaswa kuwa kimekwisha.